Makasha ya chama cha Waayalandi, Inwood (New York): tuanzie wapi?

SandukuLaZamani
Wadau, salaam. Parokia moja ya Inwood, kaskazini mwa Manhattan, imeachiwa makasha manne ya chama kilichovunjwa cha watu wa kaunti moja ya Ayalandi. Mna mihtasari ya mikutano tangu miaka ya 1920, picha zisizo na majina, albamu za kurasa za gundi na kaseti za mahojiano ya miaka ya 1980. Kamati inataka kuskani vyote upesi na kuviweka mtandaoni. Kipi kitangulie? Na tutajuaje nani alitoka kijiji gani?

KaratasiKuukuu
Kaseti. Karatasi itawasubiri, utepe hausubiri. Vunjeni vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Angalieni kile kisponji kinachobana utepe: gundi yake hukauka kikabanduka. Kisha zungusheni hadi mwisho na kurudisha kabla ya kucheza. Zile za dakika 120 zina utepe mwembamba mno, msizipeleke kasi. Hifadhini sauti kwa WAV (faili isiyobanwa) ya biti 24. MP3, iliyobanwa, ni ya kusikilizia tu.

Msipange upya chochote kabla ya kupiga picha kila kasha lilivyo. Picha iliyokutwa kati ya kurasa za Machi 1934 huenda ni ya gwaride la Mtakatifu Patrick mwaka huo; ikitolewa bila kuandikwa ilikotoka, ushahidi umekwenda. Stapla zenye kutu zitoeni, selotepu iacheni. Albamu ya gundi: skanini ukurasa mzima, halafu pitisheni uzi wa meno usio na nta chini ya picha. Ukikwama, acheni. Skani ziwe faili za TIFF, dpi (nukta kwa inchi) 600. Picha ndogo 1200. Nambari nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino marufuku.

MpekuaDaftari
Sensa za Marekani kwa kawaida huishia kuandika "Ayalandi" tu. Kwa waliofika karne ya 20, tafuteni faili za uraia. Kuanzia Septemba 1906 fomu ilikuwa moja nchi nzima, nayo ilidai mahali pa kuzaliwa, siku ya kuwasili na meli. Za kabla ya hapo mara nyingi hazitaji hata kaunti.

Kwa familia za zamani kuna vitabu vya Emigrant Savings Bank, benki ya wahamiaji ya New York iliyofunguliwa 1850. Wateja wengi hawakujua kuandika, basi karani aliuliza parokia, meli, wazazi na ndugu, na majibu ndiyo yakawa utambulisho wao. Vitabu hivyo viko Maktaba ya Umma ya New York. Upande wa Ayalandi, sensa za 1901 na 1911 ni bure mtandaoni. Za 1821 hadi 1851 msizihangaikie, karibu zote ziliteketea Dublin 1922. Ya Marekani ya 1890 nayo iliungua. Tumieni ya jimbo la New York ya 1892.

Mwanakumbukumbu
Hapo kwenye 1892, hapana. Ya Manhattan haipo. Kilichopo ni sensa iliyofanywa na polisi wa mji 1890, ingawa baadhi ya vitabu vyake vimepotea. Na tafuteni jina kwa namna zote: Sullivan wa New York anaweza kuwa O'Sullivan kwenye ubatizo. Patrick Murphy ni wengi kupindukia. Watenganisheni kwa wadhamini wa ubatizo na anwani.

Kutambua mtaa kwenye picha, linganisheni na picha za kodi ya majengo za 1939 hadi 1941, mji ulipopiga karibu kila jengo. Zitafuteni kwa nambari ya bloku na loti (kiwanja) ya jengo.

SandukuLaZamani
Ahsanteni. Na mtandaoni?

KaratasiKuukuu
Kumiliki kaseti si kumiliki maneno yaliyomo. Bila idhini ya msemaji au warithi wake, isikilizwe parokiani tu. Mihtasari pia ipitieni kwanza: vyama hivi vililipa msaada wa ugonjwa na mazishi, na majina yamo.

Mwanakumbukumbu
Asili zipelekeni kwenye hifadhi, mathalani Archives of Irish America katika Maktaba ya Tamiment ya Chuo Kikuu cha New York, kwa hati ya zawadi inayotaja haki miliki waziwazi. Nakala ziwe tatu, moja nje ya mji. Mfano wa hatari: vitu vilivyofukuliwa Five Points, mtaa wa kale wa wahamiaji Manhattan, 1991, karibu 850,000, vilikuwa pamoja ndani ya jengo namba 6 la World Trade Center. Baada ya Septemba 11, 2001 vilibaki 18, kwa kuwa vilikuwa vimeazimwa kwingine.