Tupeane uzoefu: siku za kawaida za mwanafunzi aliyeko China

Mwanzisha uzi (Wuhan, udaktari)

Wakuu, habari za majukumu. Kila mwaka ikifika Januari maswali ni yale yale: ufadhili wa serikali ya China unaombwaje, fomu ya afya inagongwa muhuri wapi, barua ya kukubaliwa inatoka lini. Hayo yameshajibiwa sana. Kinachoniuma ni kuona kijana anashuka uwanja wa ndege na karatasi zake zote mkononi, halafu hajui kesho yake atakula wapi wala atampigiaje mama yake. Naomba tuliopita na tulioko huku tueleze siku zinavyokwenda. Kila mtu aseme ya mji wake, maana ya Harbin siyo ya Guangzhou.

Naanza mimi. Nasoma udaktari kwa Kiingereza. Mhadhara Kiingereza, mtihani Kiingereza, kwa hiyo miaka ya mwanzo ni rahisi mtu kuamini kwamba Kichina ni cha kununulia mboga tu. Kisha unaingia wodini. Mgonjwa ni bibi mzee, kalazwa kwa tatizo la moyo, na hata hicho Kichina sanifu cha vitabuni hakizungumzi. Anaongea lahaja ya Wuhan. Unatakiwa umuulize maumivu yameanza lini, yanapanda begani au yanabaki kifuani, anatoka jasho au la. Daktari anayekufundisha ana foleni ya wagonjwa, hawezi kukutafsiria kila neno. Kundi letu tulijiwekea utaratibu: jioni tunaandika maswali ya kumuuliza mgonjwa kwa pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi zetu za a, b, ch), kwa herufi zao na kwa Kiswahili, kisha tunaigiza, mmoja mgonjwa na mwingine daktari. Wanafunzi wenzetu wa Kichina walikuwa wanakaa nasi kutusahihisha matamshi, na nawashukuru mpaka leo. Vyuo vingi vinadai HSK 4, yaani mtihani wa Kichina ngazi ya nne, kabla ya kukupa shahada. Wodini hiyo HSK 4 inakufikisha mlangoni tu.

Na kantini jamani. Chakula cha mchana saa tano na nusu, cha jioni saa kumi na moja. Ukienda saa mbili usiku kwa mazoea ya nyumbani unakuta wanadeki. Asubuhi watu wa Wuhan wanakula reganmian, tambi zilizokolezwa rojo la ufuta, wengine wanakula huku wanatembea kuwahi basi. Nilipozizoea nikaacha kutafuta chapati.

Mchangiaji (Harbin, uzamili)

Mimi ni Mkenya, dada, niko Harbin. Watu wakisikia Harbin wanaingiwa na hofu kwa sababu ya baridi, na kweli nje Januari ni chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini ndani ya bweni nakaa na fulana. Huku kaskazini majengo yanapashwa joto kwa mabomba ya maji moto ya mji mzima, huduma inawashwa vuli na kuzimwa majira ya kuchipua. Mpaka wake unafuata milima ya Qinling na mto Huai. Walio kusini ya hapo, Nanjing, Wuhan, Changsha, hawana mabomba hayo ingawa baridi wanaipata, tena ile yenye unyevu. Rafiki yangu wa Nanjing analala na koti. Kwa hiyo anayekwenda kusini ndiye anayehitaji blanketi la umeme, na kwanza aulize bwenini kama linaruhusiwa.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia: baridi kali inaua betri ya simu. Na simu huku ndiyo pochi, ndiyo tiketi, ndiyo ramani. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na uwe na noti kidogo za akiba. Wenye maduka wanazipokea.

Nywele. Joto kavu la ndani linazikata. Tunasukana wenyewe Jumapili, wasichana wa Kenya, Zambia, Kamerun, chumba kimoja, mtu anapika mwingine anasuka. Rasta na wigi usibebe mzigo kutoka nyumbani: wigi nyingi duniani zinatengenezwa Xuchang, mkoa wa Henan, na unaagiza mtandaoni zinafika bwenini. Beba mafuta yako ya nywele, hayo ndiyo adimu.

Kuangaliwa kupo. Kupigwa picha kupo, hasa kwenye treni na miji midogo. Wengi ni udadisi tu na wakikuona unajibu kwa lugha yao wanafurahi. Anayegusa nywele bila kuuliza mwambie hapana, kwa utulivu. Huna deni la kumruhusu.

Mchangiaji (Xi'an, uhandisi)

Assalaam alaykum. Natoka Unguja. Kabla ya kuja, mama alikuwa na wasiwasi mmoja tu, nitakula nini. Alhamdulillah Xi'an ina mtaa mzima wa Waislamu, nyuma ya Mnara wa Ngoma, na Msikiti Mkuu umo humo. Ukiingia hauoni mnara wa adhana tuliouzoea. Ni viwanja, miti na mapaa ya Kichina, lakini ukisimama kwenye safu unajua uko nyumbani.

Kwa walio miji mingine: jifunzeni kusoma herufi mbili, 清真, qingzhen. Ukiziona mlangoni hapo ni halali. Vyuo vingi vina kantini yake. Na karibu kila mji una vijiduka vya tambi za Lanzhou, wenyewe wengi ni Waislamu kutoka Gansu na Qinghai. Pengine pote usiulize tu kama kuna nyama ya nguruwe, uliza na mafuta yaliyopikiwa, maana mboga tupu inaweza kuwa imekaangwa kwa mafuta yake.

Ramadhani hakuna anayekuamsha daku. Tunajikusanya na Wapakistani, Wauzbeki, Wakomoro, zamu ya kupika inazunguka. Na nchi yote inatumia saa ya Beijing, kwa hiyo wenzetu walioko Urumqi, magharibi ya mbali, wanafuturu usiku mno kwa saa ya ukutani. Ukipiga simu kuwatakia futari njema kumbuka hilo.

Mzazi (Mbeya)

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Binti yangu anaondoka Septemba kwa ufadhili kamili, shahada ya kwanza. Ameambiwa posho ni yuan 2,500 kwa mwezi. Inamtosha? Na nimpe kiasi gani mkononi?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama, na hongera kwa binti. Kiwango hicho ndicho cha shahada ya kwanza. Uzamili ni 3,000 na uzamivu 3,500. Kwa kula kantini, ambako mlo ni kama yuan 10 hadi 20, na bweni likiwa limelipiwa na mfadhili, inamtosha na anaweza kuweka akiba. Tatizo ni mwanzo. Posho ya kwanza mara nyingi haitoki mpaka usajili ukamilike na akaunti ya benki ifunguliwe. Wakati huohuo anatakiwa anunue godoro na shuka, laini ya simu, na pengine arudie vipimo vya afya. Ndani ya siku 30 tangu aingie lazima aombe kibali cha ukaazi; cha muda usiozidi mwaka ni yuan 400. Ningekuwa mimi ningempa matumizi ya miezi miwili. Sehemu iwe taslimu, sehemu kwenye kadi ya Visa au Mastercard, kwa sababu Alipay na WeChat, programu za simu tunazolipia huku, siku hizi zinapokea kadi za nje.

Na wewe mama, weka WeChat kwenye simu yako kabla hajaondoka, mjaribu kupigiana mkiwa nyumba moja. WhatsApp, Google, Facebook na Instagram huku vimefungwa. Nimeona wazazi wanakaa wiki nzima bila kusikia sauti ya mtoto kwa sababu hiyo tu. Tofauti ya saa ni tano: kwenu saa nne usiku, kwake ni saa tisa usiku wa manane. Mpigie jioni mapema.

Mchangiaji (Changsha, madini)

Jambo bandugu. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, nasoma madini, na huku Changsha ndiko mahali pake, somo hilo lina mizizi. Niongeze habari ya chakula maana naona mnateseka bure.

Kusini mwa China lengalenga iko sokoni! Ninyi mnaiita mchicha, wao xiancai. Kuna ya kijani na ile yenye wekundu inayotoa maji mekundu. Matembele yapo pia, majani ya viazi vitamu, hongshuye, bei rahisi sana. Bamia iko. Sombe mbichi, kisamvu chenu, sijaiona sokoni. Bukari, yaani ugali wenu: unga wa mahindi wa dukani ni wa njano na mzito. Tafuta mtandaoni unga mweupe, bai yumimian, uchague uliosagwa laini. Walioko karibu na Guangzhou waende Xiaobei, kule utasikia mpaka Kilingala mtaani. Watu wa Hunan wanakula pilipili kuliko sisi wote, na mtu wa Lubumbashi hapa ameheshimika kwa kula bila kulia.

Jiko la umeme bwenini ni marufuku mahali pengi, wanakagua na wanalichukua. Pika kwenye jiko la pamoja, na mwachie mama msimamizi wa bweni sahani. Yule ayi ndiye anayejua maji yanakatika lini na lango linafungwa saa ngapi.

Mchangiaji (alikuwa Wuhan 2020)

Nimesita kuandika lakini naona ni sehemu ya maisha ya wengi wetu.

Januari 23, 2020 mji ulifungwa, siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Wenzetu wengi Wachina walikuwa wameshaenda kwao, bweni la wageni ndilo lililobaki na watu. Kwanza tulidhani ni wiki mbili. Lango la chuo likafungwa, baadaye na la bweni. Tulipimwa joto, tukaandika vipimo vyetu kwenye kundi la WeChat kila siku. Walimu na vijana wa kujitolea walileta vyakula mpaka chini ya ngazi: mchele, kabichi, mayai, barakoa. Kuna mwalimu ambaye hakuwaona wanawe kipindi chote kile kwa sababu alichagua kubaki na sisi. Nyumbani walikuwa wanalia kwenye simu, sisi tunawatuliza, tukikata simu tunalia sisi. Swali la kurudishwa nyumbani liligawanya watu, na bado linaniuma kulizungumza. Mji ulifunguliwa Aprili 8.

Waliokuwa likizo Afrika nao walipata yao. Mwisho wa Machi mwaka huo mipaka ilifungwa kwa wenye viza na vibali, na wanafunzi wengi hawakuanza kuruhusiwa kurudi mpaka Agosti 2022. Masomo yakawa ya mtandaoni, na kipindi cha saa mbili asubuhi cha China ni saa tisa usiku Dar es Salaam. Watu wamesoma anatomia hivyo, gizani, kwa bando la kununua, bila kugusa mwili wala kifaa. Ukikutana na mhitimu wa miaka hiyo mheshimu.

Mchangiaji (anayejiandaa)

Poleni sana kaka. Wakuu, mimi nina maswali mawili. Naweza kufanya kazi za muda, hata kufundisha watoto Kiingereza? Na chuo kimenipa nichague, mwaka mmoja wa lugha halafu nisome kwa Kichina, au nianze moja kwa moja kwa Kiingereza.

Mchangiaji (alisharudi, Dodoma)

La kazi nikujibu mimi. Bila ruhusa ya chuo na kibali chako kuandikwa hivyo, ni kosa. Faini yake kisheria ni yuan 5,000 mpaka 20,000, na ikionekana kosa ni zito unawekwa ndani siku 5 mpaka 15. Watakuja watu kukuahidi pesa nzuri za kufundisha Jumamosi. Polisi wakifika wao hawaonekani, jina lako ndilo linalobaki kwenye mafaili. Omba ruhusa kwanza, vyuo vingine vinatoa.

La pili ambalo hukuuliza: ukimaliza unapewa vyeti viwili, cha kuhitimu na cha shahada. Hakikisha unavyo vyote, pamoja na matokeo kwa Kiingereza yenye muhuri, na uvithibitishe ukiwa bado huko. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanahitaji kuitambua shahada yako, na wa udaktari kuna mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya mafunzo kwa vitendo. Kufuatilia karatasi China ukiwa Dodoma ni mateso.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, chukua mwaka wa lugha. Najua ni mwaka mzima unaongezeka na nyumbani watauliza mbona wenzako wametangulia. Chukua. Nimekaa na waliosoma kwa Kichina: msimamizi wa utafiti anawaita mezani, wanajua kundi la maabara linabishania nini, wakiumwa wanajieleza wenyewe kwa daktari. Mimi ilinibidi nijenge hayo yote usiku baada ya vipindi.

Kama bado una miezi kabla ya kuondoka usikae bure. Taasisi ya Confucius ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Dodoma pia, Wakenya mnayo ya Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005. Anza na toni nne na namba, kisha bei, kisha sehemu za mwili. Ukifika niandikie hapahapa, aliye karibu na mji wako atakuja kukupokea.