Solitoni inatoweka kwenye pete: tatizo ni nini?

Swali: Wanajukwaa, ninaposogeza rangi ya leza taratibu kuelekea upande mwekundu (wa mawimbi marefu) wa resonansi, yaani rangi ya mwanga inayojikusanya ndani ya pete ndogo ya silikoni nitraidi, ngazi ya solitoni (alama kwamba mpigo wa mwanga usiobadilika umbo umezaliwa ndani ya pete) huonekana kwenye osiloskopu kufumba na kufumbua, kisha hutoweka. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu, tatizo ni joto. Solitoni inapozaliwa, nguvu ya mwanga ndani ya pete hushuka ghafla, pete hupoa, na resonansi hurudi upande wa buluu na kuiacha leza. Kwa hiyo ama sogeza leza upesi kuliko pete inavyopoa, ama ongeza leza ya pili ya kuhifadhi joto.

Jibu: Naunga mkono leza ya pili. Usikate tamaa: mwaka 2017, watafiti wa Karlsruhe na Lausanne walitumia solitoni za pete kama hizo kusafirisha terabiti zaidi ya 50 kwa sekunde kupitia kilomita 75 za nyuzi za mwanga.