Blogu ya mapishi ina miezi minne, Google hainiletei hata mtu mmoja

BintiWaTanga
Wakuu, habari za muda huu. Nina blogu ya mapishi ya pwani: maandazi, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, bokoboko. Makala 27 mpaka leo, vyote nimepika mwenyewe na picha nimepiga kwa simu yangu. Wanaosoma ni wale ninaowatumia linki kwenye makundi ya WhatsApp, nikinyamaza siku mbili hakuna anayeingia. Kutoka Google sijapata hata mmoja. Juzi jamaa kanitumia ujumbe, anataka shilingi 150,000 aniweke ukurasa wa kwanza ndani ya wiki mbili. Hiyo hela ni mtaji wangu wa unga. Kuna njia ya bure inayofanya kazi kweli? Natumia WordPress, jina la tovuti nimelinunua, rafiki ndiye aliyenifungulia. Nawasilisha.

Mdadisi_Dom
Anza hapa: kwenye Google andika site: halafu anwani ya blogu yako, usiache nafasi katikati. Makala zako zinatakiwa zitokee. Zisipotokea, basi Google haijakuorodhesha kabisa, na tatizo si uandishi wako.

BintiWaTanga
Nimeandika. Hakuna kitu.

FundiCherehani
Mwanangu, hiyo laki na nusu iache kwenye unga. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza.

Ingia WordPress, Settings, kisha Reading. Chini kuna kisanduku kinachoziambia injini za utafutaji zisikuorodheshe. Watu hukiwekea tiki wakati wa kujenga tovuti, halafu wanasahau. Ukikuta tiki, toa, hifadhi. Baada ya hapo fungua Google Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha tovuti yako inavyotokea kwenye utafutaji, ni bure. Thibitisha kuwa tovuti ni yako, wasilisha ramani ya tovuti (yaani orodha ya kurasa zako; WordPress inaitengeneza yenyewe, inaitwa wp-sitemap.xml), kisha bandika anwani ya makala zako muhimu pale juu uombe ziorodheshwe. Inachukua siku, pengine wiki. Kuomba makala ileile kila asubuhi hakuharakishi chochote. Bing nao wana chombo chao cha bure, Bing Webmaster Tools, na kinaweza kuchukua tovuti yako moja kwa moja kutoka Search Console.

Sasa hili ndilo lililonisaidia mimi. Ni fundi wa cherehani hapa Moshi. Nilikuwa na makala inaitwa "Mfumo wa mvutano wa uzi katika cherehani". Hakuna mteja aliyewahi kuingia kibandani kwangu akatamka "mvutano wa uzi". Anaweka kitambaa mezani, anakigeuza, anasema: "Fundi, juu panapendeza, chini uzi unafanya mafundo." Siku nilipofungua ripoti ya utendaji kwenye Search Console nikakuta makala ile inaonyeshwa kwa watu walioandika "cherehani inafanya mafundo chini". Nafasi ya 34, hakuna aliyebofya. Maneno ya wateja wangu yaleyale!

Nikayafanya hayo ndiyo kichwa cha makala. Aya tatu za historia ya cherehani nikazifuta, jibu likakaa mwanzo kabisa: vua uzi wa juu, inua mguu wa cherehani, pitisha uzi upya. Mguu ukiwa chini, vile visahani vya kukazia uzi vinakuwa vimebana, uzi unapita juu yake badala ya kuingia katikati. Miezi miwili baadaye nilikuwa nafasi ya 6, na kila siku kuna mtu anaingia.

Wewe pia una watu wanaokuuliza. Maswali yao yaandike kwenye daftari vilevile wanavyoyasema, usiyanyooshe. Kisha andika "maandazi" kwenye Google bila kubonyeza kitu, usome mapendekezo yanayoshuka chini.

Na picha za simu zipunguze ukubwa. Moja inaweza kuwa na megabaiti 4, na msomaji wako yuko kwenye bando. Squoosh inapunguza hapohapo kwenye kivinjari, bure. Zangu hazizidi kilobaiti 150.

MkaziWaMombasa
Naongezea kuhusu maneno. Huku kwetu tunasema mahamri, yale ya tui, hamira na iliki. Bara wanaandika mandazi, nyinyi maandazi. Weka yote matatu kwenye Google Trends, chagua Kenya, kisha Tanzania, uone lipi linatafutwa wapi. Lakini usiyarundike kwenye kichwa. Taja mahamri ndani, pale unapoeleza tofauti, isomeke kama mtu anayezungumza.

BintiWaTanga
Shikamoo mzee Fundi. Kisanduku kilikuwa na tiki! Miezi minne yote. Nimekitoa, ramani ya tovuti nimewasilisha. Asanteni sana wote, nitaleta mrejesho.

BintiWaTanga
Mrejesho, wiki ya tano. Makala 19 kati ya 27 zimeorodheshwa. Fundi, nimekuta jambo lilelile lako: kuna watu wanaandika "mkate wa kumimina unabaki mbichi katikati", na Google inawaonyesha makala yangu nafasi ya 22. Mimi nilikuwa nimeiita "Ladha ya Pwani Yetu". Hilo swali mama huulizwa na majirani kila Ramadhani, na sikuwahi kufikiri kuliandika. Kichwa nimebadilisha, na mwanzo sasa ni jibu lake mama: makaa mengi juu ya kifuniko, machache chini, na usifunue mapema kuchungulia. Kesho napika tena nipige picha ya sufuria ikiwa na makaa juu, maana ile ya zamani inaonyesha mkate uliokwisha katwa tu.