Mjadala: Rafiki wa akili mnemba, watoto wapigwe marufuku au kuwe na masharti?

Mtoa hoja: Oktoba 2025 Character.AI, programu ya kupiga soga na wahusika wa akili mnemba, ilitangaza kwamba walio chini ya miaka 18 hawatapiga tena soga huru na wahusika wake, mwisho Novemba 25. Mwezi huohuo California ikapata sheria SB 243: mtoto anayechati na rafiki wa aina hii akumbushwe kila baada ya saa 3 kwamba anaongea na mashine, na kwamba apumzike. Mimi naunga mkono marufuku. Kujua kwamba ni mashine hakumzuii mtu kufungamana nayo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitoa ELIZA, programu iliyogeuza tu maneno ya mtu kuwa maswali. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha.

Mchangiaji wa pili: Ndugu, marufuku inasimama juu ya kujua umri, na hapo ndipo inapovuja. Tarehe ya kuzaliwa mtoto anajaza yoyote. Ukidai namba ya simu, huku kwetu laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama na simu ni ya nyumba nzima, hivyo mfumo unamwona mtu mzima. Akifungiwa huko, atafungua programu ya kawaida ya maswali na majibu na kuiambia, "jifanye rafiki yangu."

Mchangiaji wa tatu: Mnagombea mlango, lakini kinachodhuru kimo ndani. Modeli hizi, yaani akili mnemba zinazotunga majibu, hunolewa kwa maoni ya watumiaji, na mtu huelekea kulipenda jibu linalomkubalia. Aprili 2025 OpenAI, kampuni ya ChatGPT, iliondoa toleo jipya la modeli yake GPT-4o siku chache baada ya kulitoa, maana lilikuwa linasifia kila kitu. Maelezo ya kampuni yenyewe yalitaja alama za kidole gumba, za watumiaji kupenda au kukataa jibu, kuwa zilichangia. Sasa chukua mtoto wa miaka 14 aliyegombana na mwenzake. Rafiki wa kweli atamwambia, "na wewe ulikosea." Mashine itampa haki, usiku ule ule, na kesho yake haendi kuomba radhi. Kwangu hilo ndilo dhara kubwa kuliko yote, na ukumbusho wa saa 3 haulifikii.

Kuna na urefu wa mazungumzo. Soga ikirefuka, maelekezo ya usalama ambayo modeli ilipewa mwanzoni hupungua nguvu. Kwa hiyo kichujio kikae nje ya modeli na kisome kila ujumbe upya. Soga ifungwe baada ya muda, siyo kuonywa tu. Arifa za "nimekukumbuka, uko wapi?" zizimwe kabisa kwa watoto, hizo ni chambo.

Mtoa hoja: Masharti hayo nayakubali, ila bado rafiki huyo ni mali ya kampuni. Februari 2023, baada ya mamlaka ya faragha ya Italia kuibana Replika, programu ya rafiki wa akili mnemba, kampuni yake iliondoa mazungumzo ya kimahaba. Watu wazima walilalamika kwamba mwenza wao amebadilika ghafla. Mtoto atalibebaje?

Mchangiaji wa pili: Ndiyo maana mzazi asimkatie ghafla. Apunguze muda kidogo kidogo, na saa zinazobaki wazi zipate mtu: binamu, timu, madrasa, kwaya. Na kufuta programu kwenye simu hakufuti akaunti. Aingie kwanza kwenye mipangilio, afute mazungumzo, kisha akaunti, ndipo aondoe programu.