Kuagiza Subaru Impreza STI kutoka Japani nikiwa Kigoma, inakuwaje?

Mgeni_Ujiji:
Wakuu habari zenu, nimehamia Kigoma kikazi natokea Nairobi. Kule gari likishavuka miaka 8 huliingizi, kwa hiyo Impreza WRX STI ya 2005 nilikuwa naishia kuitazama kwenye simu tu, sasa nasikia huku inaruhusiwa ilimradi ulipie. Ni kweli? Na sisi tunaohamia hakuna msamaha wa ushuru? Hii gari naipenda toka moyoni, naombeni mwongozo kabla sijatuma hela.

MtuWaUnyanyembe:
Karibu sana mkuu, mi niko Tabora. Inaruhusiwa ila jipange, ikizidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30, hapo bado ushuru wa forodha 25 na VAT 18 na makato mengine madogo madogo. Uzuri injini ya STI ya Japani ni cc 1994, haijafika cc 2000, so ushuru wa bidhaa unalipa asilimia 5 badala ya 10. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) uweke modeli na mwaka, maana wana thamani yao wenyewe, usipige hesabu kwa bei uliyonunulia. Msamaha upo ila ni wa gari ulilolimiliki na kulitumia huko ulikotoka angalau miezi 12, la kununua mnadani leo halimo.

Fundi_Mwanga:
Kaka, dai karatasi ya mnada yenyewe (ile ripoti ya ukaguzi wa gari huko mnadani), sio picha za kung'arishwa. Gredi R maana yake iligongwa ikatengenezwa. Na hizi STI nyingi zimeshachezewa, ulizia kama turbo na kompyuta ya injini ni za kiwandani, hapo ndo injini zinapokufa. Ikishuka Dar usiitoe mbio kuja huku, badilisha taimingi belti kwanza hata kama muuzaji kasema ni mpya, ikikukatikia huko Kaliua valvu zinapinda na spea zake Kigoma hupati, unasubiri za Dar. Halafu injini hii Japani inanyweshwa petroli ya oktani (uwezo wa kuhimili presha bila kulipuka mapema) ya juu kabisa, kwa mafuta yetu usithubutu kuiongezea presha ya turbo.

Mgeni_Ujiji:
Asanteni sana wakuu. Karatasi ya mnada naidai leo leo. Kingine cha kuandaa?

MtuWaUnyanyembe:
TIN (namba ya mlipakodi) unayo? Bila TIN usajili hauendi, anza na hiyo wakati gari liko melini.