Majimbo ya Marekani hukokotoaje fedha za shule, na ruzuku yetu ya shilingi 10,000 inasimama wapi?

Mjumbe wa Kamati (Kasulu)

Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Katika kikao chetu kilichopita mwalimu mkuu alitusomea taarifa ya fedha za uendeshaji, na mjadala ukawa mkali, kwa sababu wazazi kadhaa hawakuelewa ni kwa nini shule yetu yenye wanafunzi 1,240, isiyo na umeme wala maji ya bomba, hupata kwa kila mtoto kiasi kile kile inachopata shule ya mjini. Mwalimu alieleza kwamba ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwamba shilingi 4,000 kati ya hizo hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingizwa kwenye akaunti ya shule, na kwamba kiwango hicho ni kimoja nchi nzima. Kwa hesabu hiyo tunatarajia shilingi 7,440,000 kwa mwaka, yaani 620,000 kwa mwezi, na humo ndimo zitoke chaki, karatasi za mitihani, matengenezo madogo na mengine yote.

Baadaye nilizungumza na mdogo wangu anayeishi Texas, akaniambia kwamba kule kiwango cha kuanzia kwa kila mwanafunzi kilikuwa dola 6,160 kwa miaka kadhaa tangu 2019, kwamba mtoto wa familia maskini huhesabiwa kuwa zaidi ya mmoja, na kwamba wilaya tajiri hutakiwa kurudisha sehemu ya kodi yake. Nimeshindwa kuyaunganisha hayo yote. Naomba mwenye ufahamu anieleze hesabu yenyewe inavyokwenda, nani huamua kwamba wilaya fulani ni tajiri, na kama kuna jambo ambalo sisi tungeweza kuliiga.

Mchumi wa Ujiji

Ndugu mjumbe, umeuliza jambo ambalo hata Wamarekani wengi hawalielewi, kwa hiyo usijilaumu.

Kwanza ifahamike kwamba katiba ya shirikisho la Marekani haitaji elimu kabisa. Kila jimbo lina katiba yake na sheria zake za shule, na serikali ya shirikisho kwa kawaida huchangia karibu sehemu moja tu kwa kumi, hasa kupitia mpango wa kusaidia shule zenye watoto maskini ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1965. Sehemu iliyobaki hugawanywa kati ya jimbo na wilaya ya shule. Wilaya ya shule nayo si sawa na wilaya kama tunavyoijua sisi, yenye mkuu wa wilaya na ofisi zake zote; ni chombo cha elimu peke yake, chenye bodi ambayo mara nyingi huchaguliwa na wananchi, kinachoajiri walimu wake na, katika majimbo mengi, kutoza kodi ya majengo na ardhi. Wilaya hizo ni kama 13,000 hivi nchi nzima. Hawaii ni ya pekee, kwani jimbo lote ni wilaya moja.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Shule zikiendeshwa kwa kodi ya majengo, mtaa wenye nyumba za thamani hupata fedha nyingi kwa kiwango kidogo cha kodi, na mtaa wa nyumba duni hujikamua kwa kiwango kikubwa na bado haufiki. Mwaka 1923 wataalamu wawili, George Strayer na Robert Haig, walipokuwa wakichunguza fedha za shule za New York, walipendekeza kanuni ambayo majimbo mengi yanaitumia hadi leo kwa sura mbalimbali. Jimbo huweka kiwango cha msingi cha fedha kwa mwanafunzi mmoja, huzidisha kwa idadi ya wanafunzi, kisha huondoa humo kiasi ambacho wilaya inatarajiwa kukusanya yenyewe kwa kiwango maalumu cha kodi. Kinachobaki ndicho jimbo linacholipa.

Nitatoa mfano wa kubuni. Tuseme kiwango cha msingi ni dola 8,000 na wilaya ina wanafunzi 1,000, lakini wengi wao ni maskini au wana ulemavu au bado wanajifunza Kiingereza, na kila kundi limepewa uzito wake, yaani mtoto wa kundi hilo huhesabiwa kuwa zaidi ya mmoja, hata idadi ikasomeka 1,200. Mahitaji yake ni dola 9,600,000. Kama mali zote zinazotozwa kodi humo zina thamani ya dola milioni 300 na kiwango kinachotakiwa ni asilimia 1, wilaya inachangia milioni 3 na jimbo linaongeza milioni 6.6. Wilaya jirani yenye mahitaji yale yale lakini mali za dola bilioni 1.2 itakusanya milioni 12 kwa kiwango kile kile. Hiyo jimbo haliilipi kitu, na imebaki na ziada ya milioni 2.4. Kwa hiyo hakuna afisa anayekaa ofisini akaamua kwamba wilaya hii ni tajiri. Thamani ya mali iliyopimwa na wathamini ndiyo inayosema. Wengi hukodolea macho kile kiwango kwa kila mtoto, ilhali usawa wenyewe unapatikana, au unapotea, pale mchango wa wilaya unapoondolewa katika hesabu.

Ile ziada ndiyo iliyozaa mvutano wa Texas. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikataa hoja ya wazazi wa San Antonio kwamba mfumo wa kodi ya majengo unavunja katiba ya shirikisho. Tangu hapo mashauri yakahamia mahakama za majimbo, na mwaka 1989 mahakama ya juu ya Texas yenyewe ikasema mfumo wao haukubaliki kwa katiba ya jimbo. Mwaka 1993 bunge la Texas likaweka utaratibu wa kuzirudisha kwa jimbo baadhi ya fedha za wilaya zenye mali nyingi, na huko ndiko alikokusudia mdogo wako. Wilaya hizo zimeulalamikia hadi leo.

Uzito nao hutofautiana sana. California tangu 2013 huongeza asilimia 20 ya kiwango cha msingi kwa kila mtoto wa familia maskini, anayejifunza Kiingereza au anayelelewa nje ya familia yake, na kuna nyongeza nyingine pale ambapo watoto wa namna hiyo wanapita asilimia 55 ya wanafunzi wa wilaya. Majimbo mengine huongeza pia kwa wilaya ndogo zilizotawanyika, kwa sababu paa linalovuja halipungui gharama ati kwa kuwa chini yake wamekaa watoto wachache. Hilo mimi ningelitamani kwetu. Shule ya mwambao wa Uvinza yenye watoto 180 hupata shilingi 90,000 kwa mwezi kwa kanuni yetu, na kufuata tu mitihani kwa boti kunaweza kuila sehemu nzuri ya fedha hiyo.

Mhasibu Mstaafu (Tabora)

Nimesoma kwa makini maelezo ya ndugu yangu wa Ujiji, nami nayaafiki, ila naona tunakaribia kulinganisha vitu viwili ambavyo havilingani. Nimefanya kazi za fedha za halmashauri katika mkoa huu kwa muda mrefu, na jambo hili hunikera kila ninapolisikia likisemwa ovyo.

Dola 6,160 za Texas na shilingi 10,000 za kwetu hazifanyi kazi moja. Ile ya Texas ni sehemu ya fedha ambayo wilaya hulipia mishahara ya walimu, madereva wa mabasi, umeme na kila kitu. Ya kwetu haina mshahara hata wa mtu mmoja ndani yake. Mwalimu wa shule ya umma hulipwa moja kwa moja na Hazina. Mwalimu mkuu hupata posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi kwa fungu tofauti. Madarasa mapya huja kwa miradi ya maendeleo. Mtu akitaka kujua serikali inampa mtoto wa Kasulu kiasi gani, lazima aanze na mshahara wa mwalimu, na akishaanza nao ataona kwamba ile ruzuku anayoigombea ni makombo.

Chukueni shule yenu yenye wanafunzi 1,240. Tuseme ina walimu 12, na shule nyingine ya mjini yenye idadi hiyo hiyo ina walimu 28, na kwa wepesi wa hesabu tuseme wastani wa mshahara ni shilingi 800,000. Ya kwanza inapelekewa mishahara ya shilingi 9,600,000 kwa mwezi na ya pili 22,400,000. Tofauti ni shilingi 12,800,000 kila mwezi, wakati ruzuku ya uendeshaji ni 620,000 kwa zote mbili. Kamati ikikesha ikijadili zile laki sita na kuziacha zile milioni kumi na mbili, imekosa mahali pa kuanzia.

Nchi yetu iliwahi kuligusa jambo hili. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 serikali ilipitisha kanuni za kugawa ruzuku kwa halmashauri kisekta. Kwa afya waliangalia idadi ya watu, umaskini, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano na umbali wa kuzungukia vituo, na kwa elimu ya msingi waliangalia idadi ya watoto wenye umri wa kwenda shule. Kwenye karatasi ilikuwa kanuni nzuri. Lakini mishahara iliendelea kumfuata mwalimu mahali alipo, na mwalimu alikuwa mahali penye barabara, umeme na hospitali, hivyo halmashauri za pembezoni zikaendelea kupata pungufu ya kile ambacho kanuni ingezipa. Kanuni ya fedha haina nguvu ya kumhamisha mtu.

Kuhusu kuondoa mchango wa wilaya katika hesabu, kwetu hakuna cha kuondoa. Kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU na hailipi mwalimu. Halmashauri zetu za tumbaku, kama Urambo na Kaliua, hupata ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara badala ya 5, lakini mapato hayo hayaingizwi popote katika hesabu ya ruzuku ya shule. Halmashauri yenye mapato ya ndani makubwa na ile isiyo nayo hupokea shilingi 6,000 ile ile kwa mtoto.

Mjumbe wa Kamati (Kasulu)

Shikamoo mzee wangu wa Tabora, na ahsante sana ndugu wa Ujiji. Hesabu ya walimu 12 na 28 nitaipeleka kikaoni kama ilivyo, maana ya kwetu haiko mbali na hiyo. Limebaki swali moja. Hao wanafunzi huhesabiwa lini? Sisi watoto huongezeka baada ya takwimu kupelekwa, hasa familia zinapohamia kutoka vijiji vingine, na fedha huendelea kuja kwa idadi ya zamani.

Mwalimu wa Kike (Kaliua)

Naomba nilijibu hilo, kwa kuwa rejesta ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi.

Marekani kila jimbo lina namna yake. Michigan huwa na siku maalumu ya kuhesabu, Jumatano ya kwanza ya Oktoba, na siku nyingine Februari. Hesabu ya Oktoba hubeba asilimia 90 ya uzito na ya Februari asilimia 10. Texas na California hutumia wastani wa mahudhurio ya kila siku, kwa maana kwamba mtoto aliyesajiliwa lakini hayupo darasani haingizi fedha. Wanaoutetea utaratibu huo husema unazifanya shule zifuatilie utoro. Wanaoupinga husema unazipunja shule za maskini, kwani ndizo zenye watoto wanaougua zaidi, wanaohama zaidi na wanaokosa usafiri, na gharama ya darasa haipungui mtoto mmoja anapokosekana.

Mimi niko upande wa wanaopinga, na sihitaji kwenda mbali kutafuta sababu. Huku kwetu tumbaku inapovunwa na kukaushwa, madawati ya nyuma hubaki matupu kwa wiki kadhaa, na najua ni watoto wa nani. Ruzuku ikifuata mahudhurio, shule ya Kaliua itakatwa fedha katika miezi ile ile ambayo mwalimu anatakiwa kuzunguka vitongojini akiwatafuta watoto hao. Heri usajili kuliko mahudhurio, ila uhesabiwe zaidi ya mara moja kwa mwaka, kama Michigan wanavyofanya.

Kwa hali ya sasa, ndugu mjumbe, la kufanya ni kuhakikisha watoto wote walioingia katikati ya mwaka wameandikwa kwenye rejesta ya uandikishaji na kuingizwa kwenye mfumo wa takwimu kabla ya idadi ya mwaka kufungwa, si baada yake. Mwalimu mkuu ana ufikiaji wa mfumo, na afisa elimu kata huzipitia takwimu hizo. Kisha linganisheni idadi hiyo na fedha iliyoingia benki: gawanyeni kiasi cha mwezi kwa shilingi 500 na mtapata idadi ya watoto ambao Hazina inawatambua. Ikija 520,000, basi wanawatambua 1,040, na watoto 200 wa kwenu wanasoma bila kulipiwa. Tarakimu hizo zinatakiwa kuwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa hiyo kamati ina haki ya kuziuliza bila kuonekana inamchunguza mwalimu mkuu.

Mhasibu Mstaafu (Tabora)

Marahaba, ndugu mjumbe. Naongeza moja kwa hayo ya mwalimu: kabla ya kugawa kwa 500, angalieni kwanza kama fedha hiyo ni ya mwezi mmoja au ni ya miezi miwili iliyoletwa pamoja. Na mkikuta pungufu, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu kata, mkiambatisha nakala ya rejesta na taarifa ya benki, na katika barua hiyo hiyo mtaje idadi ya walimu mlionao kwa wanafunzi 1,240.