Ada za hizi chekechea za hadhi ya juu zinaenda wapi kama mwalimu wa darasa hadumu?

Wakuu habari zenu. Nina hasira na nitaandika hivyo hivyo, mnivumilie urefu. Chekechea ya mwanangu, hizi zinazojiita za kimataifa, imepandisha ada tena, na barua waliyotutumia imejaa bwawa la kuogelea, chumba cha robotiki, nyasi bandia uwanjani na programu mpya ya simu ya kututumia picha za watoto. Nimeisoma mpaka chini natafuta sehemu inayomhusu mwalimu wa darasa, hakuna. Hata sentensi moja hakuna. Na mwalimu wa darasa la mwanangu kaondoka katikati ya muhula, aliyekuwepo kabla yake naye aliondoka hivyo hivyo, kimya kimya, sisi wazazi tunakuja kujua kutoka kwa watoto.

Sasa mtoto wa miaka minne asubuhi anakuuliza leo atakuwepo nani, ukimwambia hujui analia, mkifika getini anakung'ang'ania, ukienda ofisini unaambiwa usijali mama, watoto wanazoea haraka. Wanazoea nini? Mtoto kakaa miezi anajifunza kumwamini mtu mzima ambaye si wa nyumbani kwao, kamwambia anaogopa nini, kazoea sauti yake, kazoea anavyombembeleza akianguka, mtu huyo anapotea bila hata kwaheri halafu mimi naambiwa atazoea. Nilimpigia yule mwalimu kumshukuru maana alikuwa mzuri sana, akaniambia taratibu tu, bila kulalamika, kwamba mshahara wake wa mwezi ulikuwa haufikii ada ya mwezi ya mtoto mmoja. Mtoto mmoja! Na darasa lina watoto zaidi ya ishirini. Pigeni hesabu wenyewe hela inayobaki inaishia wapi.

Hicho ndicho kinachoniuma, wala sio ukubwa wa ada peke yake. Ningeambiwa ada ni kubwa kwa sababu walimu wanalipwa vizuri na madarasa ni madogo ningelipa na nisingefungua huu uzi. Kwa mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano shule ni yule mtu aliyekaa naye chini kwenye mkeka. Mtoto wa umri huo anajifunza kwa kuongeleshwa na kujibiwa, anauliza kitu anajibiwa, anajibu anaulizwa tena, akigombea kitu na mwenzake anasaidiwa kusema kinachomkera badala ya kung'ata. Hiyo kazi haifanywi na tableti wala na ukuta uliopakwa rangi nzuri, inafanywa na mtu mzima anayemjua mtoto kwa jina na kwa tabia, ambaye ana watoto wachache wa kutosha kuweza kumsikiliza kila mmoja, na ambaye jana alikuwepo na kesho atakuwepo.

Shule za bei zikitaka kukuuzia nafasi zinaanza na ubongo. Eti ubongo unakua wote kabla ya miaka mitano au sita, ukichelewa basi tena, mtoto ndo kaachwa. Wanachukua kitu cha kweli wanakigeuza kitisho. Ni kweli kwa ukubwa ubongo wa mtoto wa miaka sita unakaribia wa mtu mzima, lakini ukubwa ni ukubwa tu, kujifunza kunaendelea miaka na miaka baada ya hapo, na hakuna popote iliposemwa ubongo huo unahitaji kodingi, yaani kuandika programu za kompyuta, ukiwa na miaka minne.

Halafu watakutajia utafiti, "imethibitishwa chekechea bora inabadilisha maisha". Imethibitishwa wapi? Utafiti unaotajwa kuliko wote ni mradi wa Perry, mji wa Ypsilanti jimbo la Michigan huko Marekani, 1962 mpaka 1967. Watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi, 58 wakaingizwa chekechea, 65 hawakuingizwa, watafiti wakawafuatilia mpaka ukubwani. Wale waliosoma pale, walipofika miaka 40 kipato chao kilikuwa kizuri zaidi, wengi zaidi walikuwa wamemaliza sekondari, na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Mimi huo utafiti naukubali kabisa. Ila angalieni walichopewa hao watoto: masaa mawili na nusu kila asubuhi, mwalimu mmoja kwa watoto watano au sita, walimu waliosomea kazi yao, na kila wiki mwalimu anamfuata mtoto nyumbani anakaa saa moja na nusu na mama yake. Hela yote iliingia kwa mtu. Na walilinganishwa na watoto ambao walikosa karibu kila kitu, kwa hiyo ukichukua faida ile ukaahidi hiyo hiyo kwa mtoto ambaye nyumbani anasomewa hadithi kila usiku na ana mtu wa kuongea naye kutwa, unamdanganya mzazi.

Kuna utafiti mwingine ambao kwenye brosha zao hutauona. Tennessee, hukohuko Marekani, jimbo lilikuwa na chekechea za bure, maombi yakazidi nafasi, ikabidi wachague kwa bahati nasibu. Watafiti wakawafuatilia karibu watoto 3,000, na matokeo yaliyotoka 2022 yakaonyesha kwamba waliopata nafasi, walipofika darasa la sita, walikuwa nyuma kwenye mitihani kuliko waliokosa, na kesi za utovu wa nidhamu walikuwa nazo nyingi zaidi. Naomba nisieleweke vibaya, sisemi chekechea ni mbaya. Nasema kumpeleka mtoto mahali panapoitwa shule hakumpi faida yoyote kwa kwenda tu, kinachofanyika humo ndani ndicho kinachohesabika, na hicho ndicho hawa watu hawataki tukiulize.

Uingereza nako kuanzia 1997 walifuatilia watoto zaidi ya 3,000 wa England kwenye mradi unaoitwa EPPE. Pale ubora ulikuwa juu zaidi kwenye vituo ambavyo viongozi na walimu wake wamesoma vizuri. Na waliona pia kwamba mtoto anayekaa kutwa hakumzidi maendeleo yule wa nusu siku. Sasa sisi tunauziwa "siku nzima ya masomo" kwa bei ya juu kana kwamba masaa ya mchana yanamwongezea mtoto akili. Kama unahitaji siku nzima kwa sababu uko kazini, hilo ni hitaji halali kabisa na ulilipie kama malezi, lakini usikubali kuambiwa ni elimu ya ziada. Na waligundua jambo jingine ambalo mimi limenipa nguvu sana, kwamba kile mzazi anachofanya na mtoto nyumbani, kumsomea, kuimba naye, kucheza naye herufi na namba, kina uzito kuliko kazi ya mzazi au elimu yake.

Na haya majina jamani. Montessori, Montessori, kila kona Montessori. Maria Montessori, daktari wa Italia ambaye mfumo huo wa kufundisha watoto umepewa jina lake, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907, mtaa wa San Lorenzo huko Roma, mtaa wa maskini, watoto wa vibarua walioachwa peke yao wazazi wakiwa kazini. Hakuanza na watoto wa matajiri. Na jina lenyewe halina mwenyewe, Marekani liliamuliwa tangu 1967 kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kulimiliki kama alama ya biashara, kwa hiyo yeyote anaweza kununua vile vifaa vya mbao akavipanga kwenye rafu akaandika Montessori getini na kupandisha ada. Chama alichokianzisha mwenyewe, AMI, kipo tangu 1929 na kinatoa diploma kwa walimu, sasa mwombe mkuu wa shule akuonyeshe diploma ya mwalimu wa darasa la mwanao, sio ya mwenye shule, ya mwalimu wa darasa, uone utakavyozungushwa. Reggio Emilia, mfumo mwingine wa chekechea uliopewa jina la mji wa Italia, hivyo hivyo. Ile ilianza baada ya vita mwaka 1945, wanakijiji wa kaskazini mwa Italia wakauza kifaru cha vita na malori yaliyoachwa na Wajerumani wakajenga shule kwa mikono yao, baadaye manispaa ikaziendesha shule za namna hiyo kwa ajili ya watoto wa mji. Leo "tumehamasishwa na Reggio" inawekwa kwenye bango kama sababu ya kukutoza zaidi, halafu ukiingia ndani unakuta watoto wamekaa kwenye viti wanapaka rangi karatasi zinazofanana zote.

Kitu kingine ni hii mashindano ya kusoma. Wanakuringishia mtoto wa miaka minne anasoma sentensi, na wazazi tunapiga picha tunarusha kwenye grupu, wengine wanaanza kukosa usingizi kwa nini wa kwao bado. New Zealand walilinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na walioanza na saba, wakifika kama miaka kumi na moja huwezi kuwatofautisha kwa kusoma. Finland shule inaanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka saba. Mwanangu mimi analetewa homuweki ya kuandika a e i o u kurasa nzima wakati vidole vyenyewe bado havijakomaa kushika penseli, nikiuliza naambiwa wazazi wengine ndio wanataka. Na mchezo unapunguzwa! Shirika la Afya Duniani mwongozo wake wa 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu na minne acheze na kuchangamsha mwili angalau dakika 180 kwa siku, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja. Halafu mimi nilipie "darasa la kidijitali" kwa bei ya ziada.

Mtaniambia biashara ni biashara, mishahara ni ya soko, walimu wa chekechea kila mahali wanalipwa kidogo. Sawa, lakini msiseme haiwezekani. Jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 2019 walijaribu kuwaahidi walimu wa watoto wadogo mpaka dola 1,500 kama watabaki kazini kwa miezi nane. Wasioahidiwa, asilimia 25 waliondoka. Walioahidiwa, waliondoka asilimia 14. Kwenye vituo vya kulea watoto wadogo ndo kabisa, kutoka 30 ikashuka mpaka 15. Yaani ongeza hela kidogo, kwenye vituo hivyo walimu wanaoondoka wanapungua kwa nusu. Bwawa moja linabakiza walimu wangapi? Hilo ndilo swali ninaloliuliza na sijajibiwa.

Kuna wadau najua watakuja na hoja ya konekshen, kwamba unalipia watu atakaokutana nao. Mtoto wa miaka mitatu, wakuu. Rafiki yake wa leo kesho amemsahau kwa sababu ya mpira. Konekshen hapo ni zenu wazazi, na kama ndicho mnachokinunua ni haki yenu, ila msimwambie jirani ambaye hana uwezo huo kwamba mwanae anachelewa. Nimeona mama mmoja kwenye mkutano wa wazazi anaeleza kuwa kakopa kulipa muhula, kakopa kabisa, kwa sababu kaogopeshwa kwamba bila shule hii mtoto hatapokelewa darasa la kwanza zuri. Hii hofu inauzwa makusudi na mimi naona ni ukatili.

Sitaki kuonea pia. Zipo chekechea za gharama ambazo hela inaonekana iko wapi, darasa dogo, walimu wamekaa miaka, ukifika saa yoyote unaruhusiwa kuchungulia, mtoto akilia kuna mtu anapiga magoti kumsikiliza. Hizo kama uwezo unaruhusu lipa bila kujuta. Na zipo za bei ya chini, chumba kimoja na ua wa michanga, mwalimu yuko pale tangu zamani na watoto wanamkimbilia asubuhi, na hizo nazo ni chekechea bora hata kama hazina basi lenye kiyoyozi. Bei haikuonyeshi ipi ni ipi.

Kwa hiyo unayefikiria kulipa, kabla hujatoa ile hela ya fomu ambayo hairudi, uliza walimu waliokuwepo mwaka jana wamebaki wangapi, darasa lina watoto wangapi kwa kila mtu mzima anayekaa nao muda wote, na mwalimu msaidizi ni msaidizi kweli au ni dada wa usafi kavalishwa sare siku ya wageni. Omba kukaa darasani asubuhi moja nyuma kabisa unyamaze tu usikilize, mwalimu anaongea na watoto au anawapigia kelele, na mtoto akiuliza swali anajibiwa au anaambiwa kaa chini. Shule itakayokukatalia hilo kwa kisingizio cha usalama wakati wiki iliyopita ilijaza wapiga picha wa tangazo humo ndani, ondoka.

Mimi mkutano wa wazazi ni wiki ijayo na nimeshawaandikia wenzangu wa darasa letu, wengine wameogopa, wengine wamesaini. Tunadai kabla ya hiyo ada mpya kuanza tuonyeshwe kwa maandishi sehemu gani ya nyongeza inaenda kwenye mishahara ya walimu wa darasa, na mwalimu akiondoka wazazi tuambiwe mapema na mtoto apate nafasi ya kumuaga. Wasipotujibu silipi nyongeza, na mwanangu namtafutia sehemu nyingine. Aliyewahi kulazimisha shule ikajibu maswali ya namna hii aseme alifanyaje, nahitaji kujua kabla ya hicho kikao.